Mdomo Kabla ya Vidole

Mazungumzo ya leo yamezaliwa na ujumbe wa simu uliotoka Mwese. Nilikuwa nimeandaa mambo ya masoko, lakini bei ya mahindi tutailalamikia wiki ijayo kama kawaida yetu.

Aliyeandika ni kijana anayepiga filimbi. Anasema aliona kwenye simu ya mwenzake video ya wanaume waliovaa sketi za mirabaraba, wamebana mfuko kwapani, mabomba matatu yamesimama begani, wanatembea kwa mwendo wa gwaride huku wakipiga. Sketi hazikumshangaza sana. Kilichomshangaza ni kwamba hakuna hata mmoja aliyekuwa na karatasi mbele yake. Anauliza: mtu wa namna ile akisikia wimbo mpya, anauingizaje kwenye chombo kile kwa kusikia tu? Halafu ameongeza swali la pili, linalohusu ngozi ya mbuzi. Hilo nitalifikia.

Kwa wanaotusikiliza kutoka mbali, Mwese ni kata ya Wilaya ya Tanganyika, mkoani Katavi. Ukitoka Mpanda unaelekea magharibi, upande wa ziwa, unapanda milima, na hewa inapobadilika unalitafuta koti. Ni nchi ya Watongwe na Wabende, na tangu miaka ya 1960 ni nyumbani pia kwa watu waliokimbia machafuko ya Rwanda. Mwaka 1980 Serikali yetu iliamua kuwafungulia mlango wa uraia wakimbizi wa Kinyarwanda wapatao 36,000 waliokuwa nchini, na leo wajukuu wao ni Watanzania wenzetu, wanabishana na sisi juu ya Simba na Yanga kwa hasira ile ile. Katika mkoa huo huo kuna Katumba na Mishamo, makazi ya waliotoka Burundi baada ya mauaji ya 1972.

Naeleza haya kwa sababu swali limetoka mahali ambapo jibu lake linaishi. Mtu anayevuka mpaka usiku, mtoto mgongoni na sufuria kichwani, habebi kitabu cha noti. Nyimbo alizonazo ni zile zilizomo mwilini mwake. Zikifika upande wa pili na zikaimbwa na watoto waliozaliwa huko, zimefika kwa sikio, hazina njia nyingine.

Tuanze na chombo chenyewe, maana ugumu wote wa jibu umo humo. Zumari ya mfuko iliyo maarufu kuliko zote ni ya Uskoti. Mpigaji anaujaza mfuko upepo kwa bomba lenye kizuizi, ili upepo usimrudie mdomoni. Anaubana mfuko kwa mkono, na upepo unatokea njia nne. Njia moja ni zumari yenyewe, ile yenye matundu, inayochezwa kwa vidole vya mikono yote miwili. Njia tatu ni yale mabomba ya begani, mawili mafupi na moja refu. Hayo hayaguswi na vidole. Kila moja linatoa sauti yake ile ile tangu wimbo unapoanza hadi unapokwisha, na kwa pamoja yanafanya mvumo mzito ambao wimbo unatembea juu yake.

Sasa tegeni sikio hapa. Zumari ile haina namna ya kunyamaza. Mpiga filimbi akitaka kurudia sauti moja mara mbili, anaikata kwa ulimi: tu, tu. Mpiga tarumbeta vivyo hivyo. Lakini huyu wa mfuko, ulimi wake haufiki panapotoka sauti. Katikati kuna mfuko mzima wa upepo. Akibana, inalia, na ikishaanza inalia mfululizo. Wala hawezi kuifanya ilie taratibu mahali pa huzuni na kwa nguvu mahali pa shangwe, kwa sababu upepo ukilegea sauti inapinda. Vitu viwili ambavyo kila mwimbaji anavitegemea, kimya na nguvu ya sauti, yeye hana. Amebaki na vidole. Akitaka kutenganisha sauti mbili zinazofanana, anainua au anagusisha kidole kwa haraka kiasi kwamba sikio linasikia mkato tu, halitambui kwamba sauti nyingine imepita hapo. Wimbo wa zumari ya mfuko umejengwa kwa miguso hiyo. Iondoe, na utabaki na king'ora.

Ndiyo maana msikilizaji wa kawaida hudanganyika. Anausikia wimbo, unamkaa kichwani, anaweza kuupiga mluzi njia nzima ya kurudi nyumbani. Akishika chombo na kufuata sauti alizozikumbuka, kila sauti iko mahali pake na bado wimbo haumo. Sikio lake lilichukua sauti na kuacha miguso, kwa sababu miguso ile kazi yake ni kutosikika.

Kabla sijaeleza wapigaji wanavyotatua jambo hilo, niseme kwamba chombo hiki si mgeni kabisa kwetu. Kuanzia Lamu hadi Unguja na Pemba kuna zumari, ile ya mti, yenye ulimi wa jani la mnazi au mkindu, inayotangulia ngoma na kuwatoa watu ndani. Mpigaji wa pwani naye hakati sauti. Anavuta pumzi puani huku mashavu yakiendelea kusukuma upepo, na wimbo unakwenda bila pengo. Kwa hiyo mfuko anao. Ni mashavu yake. Huko Ghuba wanabana ngozi ya mbuzi, na Oman zumari ya mfuko imeingia jeshini hadi kuna wapigaji wanaopiga wakiwa juu ya ngamia. Sultani Qaboos, aliyetawala tangu 1970 hadi alipofariki Januari 2020, alisoma chuo cha kijeshi cha Sandhurst na kutumika kwa muda katika kikosi cha Waskoti, na mapenzi yake kwa muziki yanajulikana. Ndugu zetu wenye asili ya Unguja wanaoishi Maskati, ambao hawajakiacha Kiswahili chao tangu Mapinduzi ya 1964, wameizoea sauti hiyo kwenye sherehe za taifa. Uganda nayo iliona askari wa Idi Amin wamevaa sketi na kupuliza mifuko. Amin alikuwa amewapenda Waskoti tangu utumishi wake katika King's African Rifles. Na Mombasa, enzi za ngoma ya beni, makundi mawili yaliyoshindana yalijiita Kingi na Scotchi. Watu wa pwani hawajawahi kusikia bendi ya jeshi wakaiacha ipite hivi hivi.

Beni inastahili tukae nayo kidogo. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza ilienea Tanganyika nzima, na makundi yake makubwa mawili, Marini na Arinoti, yalikuwa na matawi mji baada ya mji. Vijana waliona bendi za wakoloni zikipita, wakasikia, wakaenda kupiga. Nani aliwafundisha noti? Wachache waliopitia jeshini au misheni walikuwa na mwanga, lakini umati wa wachezaji ulijifunza kwa kusimama karibu na anayejua.

Tena kuna waliokwenda mbali zaidi. Kandokando ya Ziwa Nyasa, upande wa Malawi na upande wetu wa Ruvuma, kuna ngoma za mganda na malipenga. Waanzilishi wake walikuwa wamesikia tarumbeta za jeshi, ila tarumbeta hawakuwa nazo. Wakachukua vibuyu, wakavitoboa, wakaziba tundu dogo kwa utando wa buibui, wakaimba ndani yake. Kibuyu kinaichukua sauti ya mwimbaji na kuitia mtetemo mpaka inafanana na shaba. Hakuna kidole kinachofanya kazi pale. Mtu anaimba wimbo, na chombo kinautoa ukiwa wa tarumbeta. Kwa maoni yangu hao walikuwa wameshika ufunguo wa swali la kijana wetu: wimbo unaosikika huenda kwanza mdomoni. Vidole ni wageni waalikwa, wanakuja baadaye.

Waskoti nao walifika hapo hapo kwa njia yao. Katika kisiwa cha Skye, mahali paitwapo Boreraig, palikuwa na ukoo wa MacCrimmon, wapigaji wa kurithishana waliotumikia machifu wa MacLeod. Wanafunzi walitoka sehemu nyingine za nchi kwenda kukaa na kujifunza kwao. Mwalimu hakuandika ubaoni. Aliimba. Walikuwa na mfumo wa silabi, kwa Kigaeli huitwa canntaireachd, ambao kwa ujumla vokali hubeba sauti za wimbo na konsonanti hubeba miguso ya vidole. Mwalimu anaimba kifungu, mwanafunzi anakirudia kwa mdomo, wanasahihishana, na mfuko umelala pembeni. Kifungu kikikaa mdomoni kikiwa kamili, pamoja na miguso yake, ndipo vidole vinaitwa.

Hapo ile shida ya king'ora inaondoka. Mguso ambao sikio liliuachia upite sasa una konsonanti yake. Huwezi kuusahau, kwa sababu ukiusahau umekosea kutamka. Yule mwanafunzi hakumbuki sauti tisa na makumi ya miguso. Anakumbuka maneno, hata kama maneno yenyewe hayana maana. Mwaka 1797 mtu mmoja, Colin Campbell, aliandika nyimbo nyingi kwa silabi hizo hizo, bila mistari mitano wala noti nyeusi, na maandishi yake bado yapo. Ni kitabu cha muziki ambacho ukikisoma kwa sauti unakuwa tayari umeshaimba.

Mnaopiga ngoma mnanielewa upesi. Mpiga ngoma wa kwetu akitaka kumwonyesha mwenzake pigo jipya, haanzi kwa mikono. Anasema: ti-ki-ti-ndu, ti-ki-ndu. "Ndu" ni kiganja katikati ya ngozi, "ti" ni vidole ukingoni. Akishaelewana na mwenzake kwa kinywa, ngoma inakuwa utekelezaji tu. Tena tunafanya hivyo bila kujua kwamba ni elimu, kwa kuwa hakuna aliyetupa cheti.

Na ngoma za majirani wa Mwese zinafundisha jambo jingine. Ngoma za Burundi, zile ambazo UNESCO iliziingiza mwaka 2014 katika orodha ya urithi wa binadamu, hupangwa kwa kazi. Zipo amashakwe, zinazoshikilia pigo moja lisilobadilika. Ipo inkiranya katikati, inayoongoza. Na zipo ibishikizo, zinazoifuata inkiranya. Anayejifunza akikimbilia inkiranya kwa kuwa ndiyo yenye mbwembwe, anapotea. Akisikiliza kwanza lile pigo lisilobadilika, kila kitu kingine kinapata mahali pake. Ule mvumo wa mabomba ya begani ndio amashakwe wa mpiga zumari.

Basi, kijana wetu wa Mwese, chukua filimbi yako uiweke chini. Usiishike bado. Sikiliza wimbo mzima mara kadhaa bila kujaribu kuukamata. Ukiisha, jiulize unapotaka kutua, sauti inakupeleka wapi. Kila wimbo una sauti moja ambayo ukiifikia mwili unalegea; wanakwaya wataniambia ni "do" yao, na mara nyingi watakuwa sahihi. Itafute hiyo kwa mdomo. Mwombe mdogo wako aishike kwa kuvuma, mdomo umefungwa, bila kuiacha. Yeye ndiye mabomba yako matatu, na ni wa bei nafuu kuliko yale ya Uskoti. Atachoka na atacheka, mbadilishe.

Sasa imba wimbo juu ya mvumo huo na utaona jambo ambalo kusikiliza peke yake hakukuonyesha. Sauti nyingine zinakaa vizuri na mvumo, zinatulia. Nyingine zinaugomba, zinauma kidogo, na wimbo unaharakisha kuondoka hapo. Ukishajua wapi wimbo unatulia na wapi unauma, umeshajua umbo lake, na hata ukisahau sauti moja katikati unaweza kuikisia kwa ladha.

Baadaye tafuta mahali wimbo unapokata sentensi. Nyimbo nyingi za gwaride za zumari ya mfuko zina sehemu mbili au nne, na kila sehemu hurudiwa, kwa hiyo wimbo unaoonekana mrefu kumbe nusu yake ni marudio. Ndani ya sehemu moja utakuta kifungu cha kwanza kinauliza, cha pili kinajibu, cha tatu kinauliza tena vile vile, cha nne kinajibu kwa kufunga. Mtu anayeshika wimbo kwa haraka hana kichwa kikubwa kuliko chako. Amewahi kuona kwamba kifungu cha tatu ni kile cha kwanza, hivyo hakupoteza muda kujifunza mara mbili. Muziki mzito wa Waskoti, ule ambao wimbo mmoja unaweza kuchukua robo saa, umejengwa kwa desturi hiyo hiyo: wimbo wa msingi unapigwa taratibu, kisha unarudiwa na kurudiwa, kila mara miguso ikiongezeka, na mwishoni wanaurudia ule wa msingi kama ulivyokuwa. Aliyeushika msingi vizuri ameshapata sehemu kubwa ya safari.

Tembea. Hili nalisisitiza kwa wanaojifunza wakiwa wamekaa kitini. Muziki wa gwaride umetungwa kwa ajili ya miguu, na mguu unakumbuka mahali kichwa kinapochoka. Nendeni mkaangalie wanakwaya wetu. Kwaya ya Ulyankulu Barabara ya 13, iliyotoka katika makazi ya Warundi kule Tabora na kupendwa nchi nzima, ingeimba vile watu wamesimama kama nguzo? Wimbo ulikaa mwilini, mabegani na magotini.

Hapo tu ndipo uchukue chombo. Hata Waskoti hawaanzi na mfuko. Wana zumari ndogo ya mazoezi, haina mfuko wala mabomba, sauti yake ni ya chini, unaweza kuipiga jikoni na mama asikufukuze. Wapigaji wakubwa waliokwisha kuwa mabingwa bado hujifunzia wimbo mpya kwenye hiyo. Kifungu kimoja kwa wakati, taratibu kuliko unavyopenda, na kila kinapokwama usikilazimishe kwa vidole: rudi mdomoni. Mara tisa kati ya kumi utagundua hata mdomoni hakikuwa sawa, vidole vimesingiziwa.

Kuna mtego mmoja nikuonye mapema, hasa ukitaka kuhamisha nyimbo za kwaya. Zumari ile ina sauti tisa tu. Zimepangwa hivi: ukiifanya sauti ya pili kutoka chini kuwa "do" yako, ambayo ndiyo inayopatana na mabomba ya begani, unapata do, re, mi, fa, so, la vizuri kabisa, lakini "ti" inakuja imeshushwa. Wimbo wa kanisani wenye "ti" ya kawaida utasikika umepinda, na utajilaumu bure. Dawa yake ni kuihamisha nyumba. Ifanye sauti ya tano kutoka chini kuwa "do". Hapo utakuwa na fa, so, la na ti chini yake, na re, mi, fa, so juu yake, na "ti" iko sawa. Kama wimbo hauvuki mipaka hiyo, unaingia. Ukivuka, uache, si kila wimbo umeumbwa kwa kila chombo. Nyimbo za sauti tano, za do, re, mi, so, la, ambazo zimejaa katika nchi zetu za Maziwa Makuu, zinaingia bila shida nyumba zote mbili, na hapo kijana wa Mwese ana mtaji ambao Mskoti angeuonea wivu.

Niitaje pia filimbi ya wachungaji wa Rwanda na Burundi, umwironge, ambayo wazee waliotoka huko wanaifahamu. Kwa kawaida ina matundu manne, na hutengenezwa kwa shina la mmea lenye uwazi ndani. Matundu manne! Lakini mchungaji akizidisha pumzi sauti inaruka juu, na kwa pumzi na matundu hayo machache anapata wimbo mzima wa usiku wa kulinda ng'ombe. Na Rwanda hiyo hiyo kuna amakondera, pembe zinazopigwa kwa kundi, kila mtu na sauti yake moja, na wimbo unapatikana kwa kupokezana. Jaribuni kufikiria anayejifunza hapo. Hajifunzi wimbo, anajifunza pengo lake ndani ya wimbo. Asipokuwa nao mzima kichwani, hajui aingie lini.

Sasa simu. Najua mnaningojea hapo, mkidhani nitailaani. Siilaani. Simu inarudia kifungu bila kununa, jambo ambalo mwalimu wa kibinadamu hawezi, na siku hizi zipo programu za kuupunguza mwendo wa wimbo bila kuishusha sauti yake. Kwa mpiga zumari hiyo ni baraka kubwa, maana miguso iliyokuwa imejificha inajitokeza mmoja mmoja. Na tusisahau kwamba tuna deni kwa mashine za kurekodi. Hugh Tracey alipita Tanganyika mwaka 1950 na Rwanda mwaka 1952 akirekodi waimbaji na wapigaji, na kuna nyimbo ambazo leo zinasikika kwa sababu ya safari hizo.

Ninachokiogopa ni kingine. Anayejifunza kutoka rekodi moja hujifunza siku moja ya maisha ya wimbo. Kama mpigaji siku ile alikuwa na mafua, mwanafunzi anajifunza na mafua yake. Mwalimu aliye hai akiombwa arudie, harudii sawasawa. Safari hii anaukaza mguso, safari ijayo anaulegeza, na wewe katikati ya marudio hayo unatambua kipi ni mfupa wa wimbo na kipi ni nyama. Rekodi haikuonyeshi hilo. Kwa hiyo nashauri: ukipata rekodi, tafuta nyingine ya wimbo ule ule kwa mpigaji mwingine, na yale wanayokubaliana uyashike kwa nguvu zaidi.

Na mahali wasipokubaliana, usikimbilie kuuliza nani amekosea. Waskoti wenyewe wameugombea sana mjadala huu. Mwaka 1903 kilianzishwa chama, Piobaireachd Society, kulinda ule muziki mzito, kikachapisha nyimbo kwa noti, na mashindano yakaanza kupimwa kwa vitabu hivyo. Kazi yao iliokoa mengi. Lakini wapo wapigaji walionung'unika, na wanaendelea kunung'unika, kwamba zamani wimbo mmoja ulikuwa na sura kadhaa kwa waalimu mbalimbali, na kitabu kikachagua sura moja na kuzifanya nyingine zionekane makosa. Mimi nipo upande wa wanung'unikaji. Wimbo wa harusi unaoimbwa Mwese namna moja na Katumba namna nyingine una afya kuliko ulioandikwa mara moja na kufungiwa kabatini. Wanaokusanya nyimbo zetu, na nawashukuru, waandike na jina la kijiji, na wasituambie ule wa kijiji jirani umeharibika.

Nimalizie na ngozi ya mbuzi, kama nilivyoahidi. Ndiyo, mfuko wa zumari unaweza kutengenezwa kwa ngozi hiyo. Ghuba wanatumia mbuzi. Uskoti walizoea kondoo, na siku hizi wengi wamehamia mifuko ya kiwandani. Ngozi ivuliwe nzima bila kupasuliwa tumboni, ilainishwe vizuri, na sehemu za shingo na miguu zifungwe au zitiwe mabomba. Mfuko utakuwa kazi nyepesi kuliko unavyofikiri. Taabu itakuwa ulimi, ile midomo miwili ya jani au tete iliyobanwa pamoja, ambayo ikiwa nene hailii na ikiwa nyembamba inapiga kelele na kuziba. Utachonga na kutupa, utachonga na kutupa. Unyevu wa pumzi nao utaingia kwenye mfuko na kuulegeza ulimi katikati ya wimbo, hivyo kila ukimaliza ning'iniza mfuko mdomo ukiangalia chini ukauke. Na kwa kuwa mvumo wa begani hauna haja ya matundu, anza na bomba moja tu la mwanzi. Matatu yatakumalizia upepo kabla wimbo haujafika nusu. Ukifanikiwa kuutoa mlio wa kwanza usiokatika, turekodie kwa simu, hata kama ng'ombe wamekimbia, na utuambie uliukata ulimi kwa jani la mti gani, kwa sababu tayari kuna wasikilizaji wengine wawili, mmoja wa Uvinza na mmoja wa Kaliua, wameshapiga simu hapa kuuliza.